Tazama Kwanza, Ndipo Ubonyeze



Leo tuzungumze juu ya kupiga picha. Siku hizi simu zenye kamera zimefika vijijini. Bibi asipokuwa nayo, mjukuu wake anayo. Picha zinapigwa nyingi sana. Lakini nendeni msibani. Ndugu wanatafuta picha ya marehemu ya kuweka mezani, wanaikosa. Iliyopo ni ya arusini. Mama yuko nyuma ya watu ishirini, na uso wake ni doa jeusi. Je, simu ndiyo mbovu? Hapana. Aliyepiga hakuchagua anataka kuonyesha nini.

Kupiga picha ni kuchagua. Kama unampiga mama, basi picha iwe ya mama. Isiwe ya mama na ndoo na mbuzi na choo cha jirani. Msogelee. Sogea tena kidogo. Tumia miguu yako, maana ukivuta kwa vidole, katika simu nyingi picha inaingia ukungu.

Halafu tazama mwanga. Usimsimamishe mlangoni huku nje kunawaka jua nyuma yake; uso utakuwa giza tupu. Usimweke juani saa sita mchana pia, atafinya macho. Mkalishe barazani, kivulini, uso wake uelekee uwanjani kwenye mwanga. Hapo ngozi zetu nyeusi zinatoka vizuri sana.

Tazama na nyuma yake. Mara nyingi mti unaonekana kama umeota kichwani mwa mtu! Piga hatua moja kushoto, mti utahama.

Huko Bamako, nchini Mali, alikuwako mpiga picha hodari, jina lake Seydou Keïta. Alifungua studio yake mwaka 1948. Alipigia picha uani, kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alipiga picha moja tu kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza alipanga mikono, akanyoosha nguo, akageuza bega kidogo. Keïta alifariki mwaka 2001, na picha zake zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Sisi tunabonyeza mara kumi bila kutazama hata mara moja.

Badala ya shuka, tundikeni khanga. Mimi napenda isiyo na maua makubwa. Lakini Keïta alitumia mapazia ya maua na watu wake walipendeza, kwa hiyo hapo msinifuate sana.

Si picha za watu tu. Mahindi yakiliwa na viwavi, unataka kumwonyesha bwana shamba aliye mbali. Ukipiga shamba zima, ataona majani mabichi tu. Piga jani lenye matundu kwa karibu, na kando yake weka kiberiti ili ajue ukubwa wa matundu hayo. Kisha rudi nyuma, simama mwanzo wa mstari wa mahindi, upige mstari wote unavyokwenda mbele. Jicho lake litaufuata mpaka mwisho, naye ataona uharibifu umefika wapi. Mtumie picha hizo mbili pamoja.