Mganga wa Bibi Bugonoka

Leo tuzungumze juu ya kitabu cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu, na kitabu chenyewe kinene!

Ni hadithi ya mtu na mkewe wasio na mtoto. Mimba za Bugonoka zinaharibika. Ndugu wa mume wanasema, "Oa mwingine." Wakwe wanakasirika, wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika mpaka anaipata. Kisha mganga anamtibu Bugonoka. Mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali.

Sasa sikilizeni. Aliyeandika hayo hakuwa mganga. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya, Bukoba, akafanya kazi misheni. Wakati ule wamisionari wengi waliyaita mambo ya waganga ushenzi. Serikali ya Waingereza nayo ikatunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Mganga wa mizizi na mchawi, watu wengi waliwatia kapu moja. Mkristo akitaka dawa ya mzee, alikwenda usiku.

Je, Kitereza alifanyaje? Hakugombana na mapadre, wala hakuwatukana wazee. Aliiweka hadithi yake katika siku za kabla ya Wazungu kuja, ambapo mtu humwendea mganga mchana bila kuona haya. Akaiandika kwa Kikerewe, maana aliona mila zinapotea. Alimaliza mwaka 1945. Kwa Kiswahili kitabu kilichapishwa mwaka 1980, miaka 35 baadaye! Mwaka 1981 mzee akafariki.

Mimi sisemi kila dawa ya zamani inaponya. Hapana. Mizizi mingine ina sumu, kipimo kikizidi inaua. Ndiyo sababu mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili. Lakini mchunguzi lazima kwanza aambiwe: mti gani, jani au mzizi, unachemshwa vipi.

Bibi yangu alijua dawa ya tumbo la watoto. Sisi tuliobatizwa tulimcheka. Alipofariki nilikuwa sijajua kusoma wala kuandika. Leo kalamu ninayo, daftari ninalo, lakini mti wenyewe siujui.