Kabla ya Kulipia Kifurushi Kikubwa Zaidi: Kuitafuta Hitilafu ya Intaneti ya Nyumbani



Mtumiaji anayeleta lalamiko la intaneti ya nyumbani kwa kawaida hutuambia jambo moja tu: kwamba inakwenda polepole. Kauli hiyo haisemi hitilafu iko wapi, na hapo ndipo fedha zake hupotea. Mtoa huduma humshauri achukue kifurushi kikubwa, mwenye duka humshauri anunue ruta mpya, naye hufuata ushauri wote wawili. Chumba cha nyuma kikabaki vilevile.

Intaneti huingia nyumbani kwa hatua mbili. Hutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, kisha hutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa chako, ama kwa waifai ama kwa adapta za pawalaini, yaani vile vifaa viwili vinavyochomekwa ukutani ili kupitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme wa nyumba. Kila hatua ina mwenyewe wa kuulizwa.

Kipimo cha kuzitenganisha hakina gharama. Unganisheni kompyuta mpakato na ruta kwa kebo, zimeni waifai ya kompyuta hiyo, na waombeni watoto waache video kwa dakika tano. Pimeni kasi. Rudieni asubuhi, na tena saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umo mtandaoni. Andikeni tarehe, saa na matokeo. Kasi ikiwa hafifu hata kwa kebo, ikilinganishwa na ile mliyoilipia, basi mara nyingi tatizo halimo vyumbani mwenu, wala hakuna adapta itakayoliponya. Wenye huduma ya faiba waitazame pia taa yenye herufi LOS: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na kuzima na kuwasha ruta mara kumi hakutauleta. Apigiwe simu mtoa huduma, na uzi wa faiba usivutwe wala kukunjwa.

Lakini kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya chumbani, kifurushi hakina kosa.

Kwa wenye adapta za pawalaini, adui wa kwanza ni yule mnayemwamini kuliko wote: kidhibiti umeme, ambacho wengi hukiita gadi ya friji. Vingi vya vifaa hivi, pamoja na ekstensheni zenye kinga, hutengenezwa ili kuchuja vurugu zilizomo ndani ya umeme, na kwa chujio hilo, intaneti nayo ni vurugu. Adapta ichomekwe ukutani moja kwa moja. Kisha chomoeni chaja za simu, taa za bei nafuu na pampu ya maji, kimoja baada ya kingine, huku mkipima. Mara nyingi mkosaji ni chaja ya bei ndogo iliyosahauliwa nyuma ya kabati.

Ikiwa bado, leteni adapta zote mbili katika chumba kimoja, kwenye soketi mbili za ukutani zilizo karibu. Zikifanya vizuri hapo, adapta ni nzima na kizuizi kimo katika nyaya. Nyumba yenye umeme wa njia tatu inaweza kuwa na sebule kwenye njia moja na chumba cha kulala kwenye nyingine, na mawimbi yakafika yamechoka au yasifike kabisa. Nyumba ya uani yenye LUKU yake hupata taabu kama hiyo. Hapo kebo ndefu ya mtandao, japo haipendezi machoni, ni fedha iliyotumika vizuri zaidi.

Wapangaji wanaotumia LUKU moja wana jambo jingine la kuangalia. Nyaya zenu ni za pamoja, na adapta nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na nenosiri moja linalofanana. Jirani akichomeka ya kwake, anaweza kujikuta ndani ya mtandao wenu bila hata kukusudia. Bonyezeni kitufe cha kuoanisha kwenye adapta zote mbili, kama maelekezo yake yanavyosema, ili zipate ufunguo wake zenyewe.

Tuseme pia kuhusu namba za kwenye boksi. Adapta iliyoandikwa 600 haileti megabiti 600 kwa sekunde. Hicho ni kipimo cha maabara. Baadhi yake zina tundu la kebo lisilopitisha zaidi ya 100. Mwenye kifurushi cha 20 hataona tofauti. Mwenye cha 200 atakuwa akilipia kila mwezi kasi isiyoweza kumfikia. Mwulizeni muuzaji kasi ya tundu hilo kabla ya kutoa fedha, na risiti itunzwe.

Adapta kuwa vuguvugu ni kawaida. Soketi ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya kuungua, zimeni umeme wa soketi hiyo na mwiteni fundi mwenye leseni.

Ikiwa vipimo vyenu vimeonyesha kosa ni la mtoa huduma, anzeni kwake, naye awape namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asipowaridhisha, hapa Tanzania mna haki ya kulifikisha TCRA. Nendeni na namba hiyo, pamoja na ile karatasi ya tarehe, saa na kasi.