Kovu la Kifuani Tusilisahau



Ndugu zangu, dada zangu, na wazazi wetu wa hapa Nkoroi, leo tuzungumze kuhusu moyo. Nakusudia huu wa nyama, unaodunda kifuani.

Takriban mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na kasoro ya moyo. Mwaka 1993, Hospitali ya Mater, Nairobi, ilianzisha mbio za kuchangia matibabu ya watoto kama hao. Waliopasuliwa utotoni wakapona, leo ni watu wazima.

Hapa ndipo tunapokosea. Mtoto akishapasuliwa, twasema alhamdulillahi, mambo kwisha. Kadi ya kliniki yazikwa chini ya sanduku. Kumbe moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe, na kovu la upasuaji laweza kuikata au kuipotosha njia ya umeme huo, hata baada ya miaka ishirini. Moyo ukapiga polepole mno, au ukaenda mbio ovyo. Kijana anaanguka mchana wa Ramadhani, nasi twasema ni njaa, au ni jini!

Tiba ipo. Moyo ukizidi upole, huwekwa pesimeka, kifaa kidogo chenye betri chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake huingia moyoni. Wa kwanza kuwekewa alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958. Kile cha kwanza kilizimika baada ya saa chache, akawekewa kingine na kingine, na akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86. Kwa moyo unaokwenda mbio za hatari, kuna kifaa kinachoushtua urudi sawa. Hicho kiliwekewa mtu kwa mara ya kwanza Marekani, mwaka 1980.

Si kila mwenye kovu atakihitaji. Lakini nani atajua bila kupimwa?

Na mwenye kifaa, rukuu na sujudu hazikidhuru. Simu tu asiiweke mfuko wa kifuani. Kuhusu kufunga, amuulize daktari kwanza, wala asiache dawa kimyakimya. Mola wetu amemruhusu mgonjwa kula, akalipa siku nyingine.

Basi ndugu yangu, leo ukitoka tarawehe, fungua lile sanduku. Itoe kadi. Mama naye asione haya kumuuliza mwanawe mtu mzima: "Mwisho kupimwa moyo ni lini?"

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.