Kombe, Mwani na Chungu



Sisi watu wa pwani neno kauri twalitumia kwa vitu viwili: yule mdudu wa baharini mwenye gamba zuri, na zile sahani nyeupe ambazo mama hazitoi kabatini ila kwa wageni. Waitaliano nao vile vile, jina lao la vyombo hivyo lilitoka kwa kauri. Je, kombe laweza kweli kuingia kwenye chombo?

Laweza, lakini lina masharti. Kombe la chaza ni chokaa karibu lote. Likipata moto wa kama nyuzi 900 hutoa hewa ukaa, na katika kila gramu 100 zabaki kama 56. Wazee walichoma matumbawe hivyo hivyo kupata chokaa ya kujengea. Sasa ukichanganya vipande vya kombe na udongo, ukachoma kwa moto huo, chokaa ile hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba. Chungu kimetoka kizima, siku chache baadaye chameguka chenyewe.

Mahali pake hasa ni kwenye ule utando wa kioo unaopakwa juu. Huko husagwa unga laini, likachanganywa na mchanga mweupe na udongo, na kwenye moto wa nyuzi 1,200 hivi huyeyusha wenzake. Moto wa kuni wa uwanjani haufiki huko, tusidanganyane.

Mwani nao, jivu lake lina magadi. Taabu ni kuwa magadi huyeyuka majini kabla hujapaka. Dawa yake i katika kitabu cha Abu'l-Qasim wa Kashan, Iran, cha mwaka 1301. Wao walitumia jivu la mmea wa ardhi ya chumvi: waliliyeyusha kwanza pamoja na mawe meupe yaliyosagwa, wakalimwaga majini, kisha wakasaga kile kioo.

Mkitaka kujaribu, okoteni makombe ya jikoni, si matumbawe. Chumvi msitupe tanurini karibu na nyumba za watu, moshi wake ni tindikali. Na kikombe kikitoka, kitieni siki usiku kucha. Asubuhi rangi ikiwa imepauka, hicho ni cha kuwekea kalamu, si cha maji ya ukwaju wakati wa kufuturu.