Kwa Nini Sijatia Saini Barua ya Ukumbi wa Mheshimiwa

(Maneno haya niliyasema mbele ya ndugu na jamaa wa wilaya yetu waishio Dallas, Fort Worth na Houston, tulipokutana Mesquite. Jina la mheshimiwa na la wilaya nimeyaondoa kwa makusudi. Wenyewe mnajua.)

Mliotoka Houston mkakaa kwenye I-45 saa nne nzima, poleni na safari. Najua pilau inanukia. Sitachukua muda mrefu, ingawa kila anayesema hivyo huwa anauchukua.

Kuna karatasi inazunguka mezani. Inasema sisi wana wa wilaya tulioko Texas tutachanga fedha za viti 60, viyoyozi viwili na kibao cha shaba kwa ajili ya ukumbi mdogo wa jengo jipya la halmashauri, na tunaliomba baraza la madiwani liupe ukumbi huo jina la mbunge wetu mstaafu. Saini zimeshafika thelathini na kitu. Ya kwangu haimo, na tayari wapo wanaouliza kulikoni. Nimeomba dakika chache nijieleze mwenyewe kabla sijaelezwa na wengine.

Nianze na deni langu. Mwaka 1996 nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano, baba alikuwa ameshafariki na mama alikuwa akiuza dagaa. Mheshimiwa ndiyo kwanza alikuwa na mwaka mmoja bungeni. Alinilipia ada ya miaka miwili, akaninunulia godoro na sanduku la bati, na siku ya safari akanipa nauli mkononi. Hakuniuliza chama, hakuniuliza ukoo, wala hakuja baadaye kunikumbusha. Bila mzee yule mimi nisingefika hapa kubeba boksi, achilia mbali kusimama mbele yenu. Kwa hiyo asije mtu akasema huyu ana chuki binafsi. Humu ndani sidhani kama yupo anayedaiwa naye kuliko mimi.

Lakini deni lile ni langu. Ukumbi ni wa wilaya nzima, pamoja na wale ambao hakuwalipia ada. Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama.

Tazameni majina yanayotuzunguka hapa tulipo. Wengi wenu leo mmefika Mesquite kwa kupita LBJ. Kila siku tunasema "LBJ kuna foleni", kana kwamba ni jina la mto. Ni Lyndon B. Johnson, mtoto wa Texas hii hii, aliyekuwa mbunge, kisha seneta, kisha Rais. Tarehe 3 Oktoba 1965 alitia saini sheria iliyofuta utaratibu wa kugawa nafasi za uhamiaji kwa kufuata taifa alikozaliwa mtu, utaratibu uliowapendelea watu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi na kuwabana wengine. Katika Seneti sheria ile ilibeba jina la Philip Hart wa Michigan. Mwaka 1976 Hart alikuwa mgonjwa wa saratani na alikuwa ameshatangaza kwamba hatagombea tena. Wenzake wakaamua jengo jipya la ofisi za Seneti litakalojengwa Washington liitwe kwa jina lake. Alifariki Desemba mwaka huo huo, na jengo likafunguliwa 1982. Mtu akiniuliza kwa nini liitwe Hart, naweza kumjibu kwa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo mimi na watoto wangu tumo.

Sasa twende katikati ya jiji la Dallas, mtaa wa Commerce. Kuna jengo la serikali kuu linaitwa Earle Cabell. Msiniambie hamlijui. Wapo humu waliowahi kupanda lifti za jengo lile wakiwa na barua ya mahakama ya uhamiaji mkononi, na wapo waliosindikiza ndugu. Cabell ni nani? Alikuwa meya wa Dallas siku Rais Kennedy alipouawa hapa Novemba 1963, akaingia Bunge la Marekani 1965, akashindwa uchaguzi wa 1972. Simsemi vibaya marehemu. Ninachosema ni kwamba kwetu sisi jina lake limekuwa anwani ya kuogopa, basi. Jina limebaki ukutani, mtu ametoweka.

Ndugu wa Houston wana la kwao, jengo la Mickey Leland. Huyu alikuwa mbunge wa Houston aliyepigania kuundwa kwa kamati maalumu ya Bunge kuhusu njaa, ikaanza kazi 1984. Agosti 1989 ndege aliyopanda iligonga mlima Ethiopia akiwa njiani kwenda kambi ya Fugnido kuwaona wakimbizi wa Sudan. Watu wote 16 waliokuwamo walikufa. Hakuna aliyehitaji kumchangia Leland viti ili akumbukwe.

Najua atasimama mtu aseme: mbona Dallas hawakungoja? Stesheni kuu ya treni walimpa Eddie Bernice Johnson jina mwaka 2016, naye akiwa bado bungeni! Ni kweli. Mama yule alikuwa muuguzi, akachaguliwa bunge la Texas 1972, akaingia la Washington 1993, akastaafu Januari 2023 na kufariki tarehe 31 Desemba mwaka huo huo. Alihangaikia fedha za serikali kuu kwa ajili ya treni za DART, kwa hiyo stesheni na jina vinaongea lugha moja. Hata hivyo mimi ningesubiri astaafu. Mwanasiasa aliye kazini akipewa jengo, anayempa na anayepewa bado wanahitajiana.

Nyumbani nako tusijifanye hatuna mifano. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ambamo baraza la kutunga sheria lilikaa kabla na baada ya Uhuru na ambamo hadi leo tunaagia watu wetu wakubwa, unabeba jina la familia iliyoutoa. Abdulkarim Karimjee mwenyewe alikuwa Spika hadi 1962, lakini jina lile liliingia kwa mlango wa utoaji, sio wa Uspika. Dodoma kuna Ukumbi wa Pius Msekwa, ule ambao Bunge liliutumia kabla ya jengo la mwaka 2006. Mzee Msekwa alipewa jina lile akiwa hai. Mimi na siasa zake tungeweza kubishana mpaka asubuhi, lakini jina pale halina utata: alikuwa Katibu wa Bunge mwaka 1962, akawa Spika kuanzia 1994 hadi 2005, na katika miaka hiyo vyama vingi viliingia ukumbini kwa mara ya kwanza tangu tuachane navyo. Kazi yake ilikuwa Bunge, na ukumbi ni wa Bunge.

Mheshimiwa wetu je? Nilikaa wikiendi tatu nikisoma Hansard zile nilizozipata mtandaoni. Mke wangu alidhani nimeanza shule. Miaka 20, kutoka 1995 hadi 2015. Nilitaka sana kupata kitu, nawaambieni ukweli, kwa sababu ningepata ningetia saini usiku ule ule. Nilikuta pongezi nyingi kwa mawaziri, na "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja" mpaka nikaacha kuhesabu. Nikakuta pia siku moja ambapo alisimama na kuuliza swali zuri kabisa: kwa nini mradi wa maji wa tarafa yetu umetengewa fedha miaka mitatu mfululizo na hakuna hata bomba moja lililochimbiwa? Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inaendelea na taratibu. Kisha Spika akauliza kama kuna swali la nyongeza.

Hapakuwa na swali la nyongeza. Siku ile halikuwapo, na katika kurasa nilizosoma baada ya hapo mradi ule hakuutaja tena. Mama yangu alichota maji ziwani mpaka alipofariki.

Ndugu zangu, ada yangu ilitoka mfukoni mwake na ninamshukuru mpaka kaburini. Maji ya tarafa hayakuwa ya mfukoni mwake. Yale ndiyo yalikuwa kazi tuliyomtuma. Tukiandika jina lake juu ya mlango ule, ndani yake watakaa madiwani wakijadili bajeti ya maji, na ataingia mama fulani kulalamikia kiwanja chake. Akiuliza jina hili la nani, tutamjibu nini? Kwamba kuna kijana Texas alisomeshwa?

Halafu kuna hili la viti na viyoyozi. Sisi tulioko huku hatupigi kura ya ubunge kule. Diwani anapiga kura barazani kwa niaba ya watu wa kata yake. Tukimwekea mezani viti 60 kwa sharti la jina, tutakuwa tumenunua kura moja kwa dola, sisi sisi tunaokesha tukiandika kuhusu mafisadi.

Pendekezo langu ni hili. Viti na viyoyozi tupeleke bila sharti, maana wazee wanaokaa kwenye mabenchi mgongo unawauma, na joto la kule mnalijua. Suala la jina tuliache mikononi mwa baraza lenyewe, lijadiliwe kikao cha wazi, na Hansard ziwe mezani. Wakiamua ni yeye, nitanyamaza. Na upande wangu mimi, kuanzia muhula ujao nitalipia wanafunzi wawili wa kidato cha tano kwenye shule niliyosoma, na kwenye barua yao ya kwanza wataandikiwa jina la mzee na sababu. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumweleza yote haya kabla hajayasikia kwa wengine. Alinyamaza muda mrefu, akauliza watoto wangu hawajambo, kisha akaniambia, "Wewe ulikuwa mbishi tangu ukiwa mdogo." Sikujua kama ni ruhusa au ni lawama, na mpaka leo sijui.

Karatasi nimeirudisha kwa Katibu kama nilivyoipokea. Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.