Kijani cha Bwawani: Mwanga, Hewa na Samaki Wako

 

Leo tuiache kidogo mikorosho yetu na mihogo. Nazungumza na wewe mwenye bwawa la perege, au unayekusudia kuchimba, hapa Nanyamba na vijiji vyake, mpaka kule mabondeni Kitere na kandokando ya mto Ruvuma.

Jambo lenyewe ni hili. Jioni umewalisha samaki wako, wazima kabisa. Alfajiri unafika bwawani, unawakuta wanaelea, matumbo juu. Neno la kwanza kukutoka mdomoni ni, "Nimetiliwa sumu!" Basi jirani anatajwa, utupa unatajwa, na shauri linafika kwa balozi. Kumbe mara nyingi mwuaji hakutoka nje ya bwawa. Samaki wamekosa hewa usiku, kwa sababu kijani cha bwawani kimezidi kipimo.

Kijani hicho ni nini? Ni vijimea vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja, ila vikiwa vingi maji huwa ya kijani. Vijimea hivyo ni chakula cha perege, na pia ni chakula cha vijidudu ambavyo samaki huvila. Kama mahindi shambani, navyo vinataka mwanga, mbolea na hewa ya ukaa, yaani ile hewa tunayoitoa puani tunapopumua. Mchana, juani, vinavuta hewa ya ukaa na kutoa hewa safi ya oksijeni. Usiku mambo yanageuka: vijimea navyo vinapumua kama samaki. Vinatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa.

Habari hii si ngeni. Mwaka 1779 daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alichapisha kitabu kueleza majaribio yake. Alizamisha majani ya kijani ndani ya maji. Juani yalitoa mapovu ya hewa. Gizani mapovu yakakoma. Hata wewe unaweza kujaribu. Chukua jani bichi la mmea unaoota ndani ya maji, litie katika chupa nyeupe yenye maji, uiweke juani. Baada ya muda utaona mapovu madogo yameshika jani. Ipeleke chupa gizani, uone kama yataongezeka.

Siku hizi kuna watu, huko Japani, Ulaya na hata katika miji yetu, wanaofuga samaki wa urembo pamoja na mimea katika matangi ya kioo sebuleni. Wao hununua taa za kuwa jua lao, huziwasha kwa saa 8 hivi kwa siku, tena hununua mtungi wa hewa ya ukaa na kuipenyeza majini kidogo kidogo. Lakini angalia: taa zikizimwa, wengi wao hufunga na mtungi. Wanajua kwamba gizani mimea haiihitaji hewa ile, na ikizidi samaki watataabika.

Wewe, ndugu mkulima, jua unalo bure, karibu saa 12 kila siku. Hewa ya ukaa unayo pia, kwa kuwa samadi inapooza majini huitoa. Usichonacho ni bomba la kufunga usiku. Bomba lako ni kipimo cha samadi. Ukishaimwaga, huwezi kuirudisha.

Sasa basi, tufanye nini?

Kwanza, mahali. Usichimbe bwawa chini ya mwembe au mkorosho. Kivuli kinazuia mwanga, na majani yanayoanguka yanaoza na kula hewa. Ondoa pia magugu yanayofunika uso wa maji. Kina cha sentimita 70 upande mmoja na mita 1 upande wa pili kinatosha. Huku juu uwandani udongo ni wa kichanga na maji ni ya shida. Bila udongo wa mfinyanzi au turubai chini, maji yote yatanywewa na ardhi.

Pili, chokaa. Udongo mwingi wa kichanga una uchachu. Kabla ya kujaza maji, nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba. Chokaa hupunguza uchachu, na tena hufanya maji yawe kama ghala la hewa ya ukaa: vijimea huichukua humo mchana kidogo kidogo. Ngoja wiki mbili ndipo utie samadi. Ila chokaa ya kujengea, ile ya kuchoma mawe ya pwani, ni kali. Usiitie kabisa kwenye bwawa lenye samaki.

Tatu, samadi. Jenga kizizi kidogo cha fito kwenye kona ya bwawa, uitie humo. Kwa mita 100 za mraba, anza na kilo 3 za samadi kavu ya kuku kwa wiki, au kilo 10 za ng'ombe au mbuzi. Usimwage gunia zima kwa siku moja kwa kuwa umepata gari la bure.

Nne, pima kwa mkono. Saa 4 asubuhi, jua likiwa limepanda, zamisha mkono polepole, kiganja kimekunjuliwa. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, kijani ni cha kiasi. Endelea vivyo hivyo. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, kijani kimezidi: acha samadi, na kama una maji, badilisha kiasi. Ukikiona mpaka maji yafike kwapani, ongeza samadi kidogo. Lakini hakikisha ni kijani na si tope. Chota maji kwenye glasi, yaache yatulie: tope hutuama chini, kijani hubaki.

Tano, angalia mbingu. Masika mawingu yanapofunga siku mbili tatu, vijimea havipati mwanga wa kutosha kutengeneza oksijeni, lakini usiku vinaendelea kuitumia. Siku hizo usitie samadi, na chakula punguza.

Sita, amka mapema. Hewa huwa kidogo kabisa kabla ya jua kuchomoza. Nenda bwawani saa 11 alfajiri. Ukiona samaki wamekuja juu wanapanua midomo, wanaomba msaada. Usiwalishe. Ingiza maji mapya, yakianguka kutoka juu. Kama huna, chota maji ya bwawa hilohilo kwa ndoo, uyamwage kutoka juu, wewe na watoto, mpaka jua litoke.

Na sumu je, utaitambuaje? Samaki waliokosa hewa hufa alfajiri, wakubwa wakitangulia, na waliosalia huchangamka jua likipanda. Kambale huweza kupona, kwa kuwa yeye huvuta hewa ya juu. Sumu haichagui saa. Mara nyingi huanza na wadogo, na vyura na wadudu wa majini nao hufa. Kwa hiyo, kabla ya kumtaja jirani, uliza: wamekufa saa ngapi, na wepi? Tena jichunguze mwenyewe, hukuosha bomba la kupulizia mikorosho karibu na bwawa? Dawa za wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo.

Ndugu wakulima, bwawa ni shamba. Mazao yake ya kwanza ni kijani, na perege ni mazao ya pili. Kijani kikipungua samaki watadumaa. Kikizidi watakufa usiku mmoja, na maji uliyoyahangaikia yatanuka. Kesho asubuhi, kabla ya kubeba samadi, tangulia na mkono wako mtupu ukapime maji. Ukiwa na shaka, mwone bwana samaki wa halmashauri au bwana shamba aliye karibu nawe.