Harufu ya Uvundo Garini na Kifua cha Mtoto

Leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu humwachia fundi, kumbe linahusu pia kifua cha mtoto: harufu ya uvundo inayotoka kwenye kiyoyozi cha gari, yaani ile eisi.

Harufu hiyo unaijua. Eisi inawashwa, na kabla ubaridi haujafika mnapigwa na harufu kama ya soksi mbichi, au ya godoro lililolowa likakosa jua. Labda gari ni lenu. Labda ni la jirani anayewapa lifti, au ni basi dogo la shule linalombeba mtoto wako kila asubuhi.

Harufu hii inatoka wapi? Umeona jinsi chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho. Ndani ya dashibodi kuna kifaa cha kupoza hewa, nacho hutoka jasho vivyo hivyo. Maji hayo hupita kwenye mpira mdogo na kudondoka chini ya gari. Kwa hivyo ukiona gari likidondosha maji safi siku ya joto baada ya kutumia eisi, usishtuke. Shida huanza gari likizimwa. Unyevu hubaki kwenye kile kifaa, gizani, pamoja na vumbi la barabarani na vipande vya majani. Palipo na giza, maji na uchafu, kuvu huota, kama ile inayoota juu ya mkate uliolala. Bakteria nao huzaana hapo. Feni ikiwashwa tena, harufu na chembe za kuvu hupulizwa moja kwa moja usoni penu.

Mtu mzima mwenye afya huenda akapiga chafya tu. Lakini mtoto ana njia nyembamba za hewa, na akiwa na pumu au mzio, kuvu inaweza kumletea mafua yasiyoisha, macho kuwasha, kikohozi, na kifua kubana kikitoa mlio kama wa filimbi. Kliniki mama akiniambia, "Sista, huyu hukohoa kila tukisafiri," mimi humuuliza: je, akishuka garini anatulia? Gari lenyewe linanukaje? Si kila kikohozi cha garini ni kosa la eisi. Vumbi, moshi wa sigara na marashi pia huchokoza kifua. Hata hivyo, ukigundua kuwa kikohozi huja eisi ikiwashwa, anzia hapo.

Ufanye nini basi?

Kwanza, usifunike harufu kwa marashi ya kuning'iniza kwenye kioo. Kuvu itabaki palepale, na marashi yenyewe yanaweza kumbana mtoto mwenye pumu.

Pili, mwambie fundi aangalie filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi huwa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Magari mengine, hasa ya zamani, hayana kabisa, kwa hivyo uliza. Ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama mnapita barabara za vumbi. Filta ya karatasi haioshwi ikarudishwa.

Tatu, pitisha mkono kwenye kapeti upande wa abiria wa mbele. Ukiikuta imelowa na hakuna aliyemwaga kitu, huenda ule mpira wa maji umeziba. Kuuzibua ni kazi ndogo kwa fundi.

Nne, kama harufu bado ipo, kifaa chenyewe kisafishwe kwa dawa ya povu iliyotengenezwa kwa ajili ya eisi ya gari. Watoto wakae mbali, na milango iachwe wazi mpaka harufu ya dawa iishe. Usikubali Jik ipulizwe humo. Hula chuma, na mvuke wake huchoma kifua.

Tano, zoeeni kukausha. Dakika tano hivi kabla ya kufika, zimeni eisi lakini muache feni ikiendelea kupuliza. Hili halina gharama yoyote, na ndilo linalozuia kuvu isirudi.

Sita, maziwa yakimwagika kitini, yafute na uoshe siku hiyo hiyo. Mikeka ya miguuni ianikwe juani. Lakini gari likianikwa, mtoto asiachwe ndani hata dakika moja, hata kama amelala. Gari lililofungwa hupata joto la kuua haraka kuliko unavyofikiri.

Kumbuka pia kuwa harufu ya petroli au ya moshi wa injini si kuvu. Simamisheni gari, zimeni injini, mshuke, na fundi aitwe.

Na mtoto akibanwa mkiwa safarini? Egesheni, zimeni eisi, mfungue madirisha. Mketishe wima na umpe dawa yake ya kuvuta kama ulivyoelekezwa kliniki. Kimbilia hospitali mara moja ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kuongea wala kunyonya, au midomo inageuka bluu au kijivu, au dawa haimsaidii. Usingoje kukuche.

Sasa, wewe ambaye gari si lako, usione haya kusema. Mwambie dereva wa basi la shule afungue madirisha kwa dakika chache kabla ya watoto kupanda. Kwenye mkutano wa wazazi, uliza filta ilibadilishwa lini. Umelipa nauli ya mtoto, na hewa anayovuta ndani ya basi ni sehemu ya safari hiyo. Ukiuliza wewe, na yule mama mwenye mtoto wa pumu ambaye hajui kwa nini anakesha usiku atakuwa amesaidika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya filta mpya ni ndogo ukilinganisha na usiku mmoja wa mtoto kwenye oksijeni. Leo jioni, eisi ikiwashwa, vuta pumzi na unuse. Ukisikia uvundo, usiuzoee.